Waliokuja Kumzika Mats

Mgeni atokaye pwani yetu, aliyezoea kwamba mtu hapiti mbele ya baraza bila ya kutoa salamu na kuulizwa hali ya watoto, na ya wazee, na ya mvua shambani, hana budi kuona upweke katika siku zake za mwanzo mjini Oslo; maana katika treni za mji ule watu hukaa kimya kana kwamba wamo msikitini wakimsubiri imamu, na abiria akiona kiti kitupu kando ya mtu asiyemjua, aghalabu huona kheri kusimama. Mwana wa ndugu yangu, ninayemwita mwanangu, ambaye ndiye aliyenialika na ambaye amekaa huko tangu ujana wake, aliniambia, "Ami, usidhani wanakuchukia, huo ndio uungwana wao, kukuachia nafasi yako." Nilimsadiki, walakini kusadiki ni jambo moja na kuzoea ni jambo jingine, na moyo wangu uliendelea kuzitamani kelele za gari za Chake Chake, ambamo mtu hufika mwisho wa njia akiwa amekwisha kujua nani kaoa, nani kazaa na nani kafiwa.

Nilifika mwisho wa Oktoba, majira ambayo mchana wa huko hupungua kila siku kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, hata ikiingia nusu ya Novemba jua huzama kabla ya saa kumi ya alasiri, na watoto hurejea kutoka skuli gizani. Lakini giza lile haliwatishi, kwa kuwa kila dirisha lina taa, na taa haizimwi. Umeme wao karibu wote hutokana na maji yashukayo milimani, na nilipokuwa nikiutazama mji ule umejaa nuru nilikumbuka kwamba hata sisi watu wa Pemba tumeonja ukarimu wa taifa hili katika jambo hilo hilo, kwani waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, ukatuondolea adha ya majenereta, ulilazwa kwa msaada wa fedha za Norway. Mkwe wangu, mke wa mwanangu huyo, alipika usiku ule chakula ambacho Wanorway hukipenda wakati wa baridi, nyama ya kondoo pamoja na mifupa yake, imepangwa tabaka kwa tabaka na kabichi, ikatiwa chumvi na pilipili manga nzima nzima, na kuachwa jikoni saa nyingi mpaka nyama ikajitenga na mfupa kwa hiari yake. Hakuna tangawizi, hakuna nazi, hakuna ndimu, na hata hivyo nilikula sahani ya pili bila ya kubembelezwa. Asubuhi yake nililetewa jibini ya rangi ya hudhurungi, ladha yake tamu kama ya halua iliyotiwa chumvi, nayo hukatwa vipande vyembamba mno kwa kisu chenye tundu katikati ya bapa, ambacho kilibuniwa mwaka 1925 na seremala mmoja wa Lillehammer, Thor Bjørklund, na ambacho sikuona nyumba iliyokikosa.

Jumamosi moja wakazi wote wa majumba tuliyokaa walitoka na reki na toroli kukusanya majani yaliyoanguka, kazi ya pamoja isiyo na ujira, wenyewe huiita dugnad, nami niliyekulia katika msaragambo sikuhitaji kufundishwa. Hapo ndipo nilipouona uso mwingine wa watu wale. Waliokaa kimya katika treni walikuwa sasa wakizungumza na kucheka, na baada ya kazi ikatolewa kahawa, na mikate myembamba ya mayai na maziwa iliyochomwa katika vyuma vyenye umbo la moyo, tukala tumesimama katika baridi. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alinijia akasema kwa Kiswahili kizuri, "Habari za asubuhi, mzee?" Nilipigwa na mshangao wa furaha. Alikuwa muuguzi aliyestaafu, mzaliwa wa Bergen, na aliwahi kufanya kazi Unguja kwa ule udugu uliopo baina ya hospitali ya Haukeland na hospitali yetu ya Mnazi Mmoja. Aliniuliza nimekwisha kuona nini katika nchi yao. Nikamwambia nimeona watu wasiosalimiana. Hakuudhika, bali alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama nimepata kuisikia habari ya Mats Steen.

Sikuwa nimeisikia. Akanisimulia kwa mapana, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kinorway kilichofasiriwa na mwanangu, na usiku huo huo tulikaa sote sebuleni, mimi na mwanangu na mkewe na mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, tukaitazama filamu iliyotengenezwa na Benjamin Ree juu ya kijana huyo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani, katika tamasha la Sundance, mwezi wa Januari 2024. Tangu usiku ule safari yangu ikawa na dira, na kila nilikokwenda katika mji ule nilikwenda nikiwa naye.

Mats alizaliwa mwaka 1989. Alipokuwa na umri wa miaka minne, wazee wake, waliokuwa wamestaajabu kwa nini mtoto wao huanguka mara kwa mara, waliambiwa na madaktari kwamba ana maradhi ya Duchenne, yaitwayo kwa jina la tabibu Mfaransa wa karne ya 19, ambayo huwapata watoto wa kiume zaidi, kwa sababu kasoro yake huja kwa urithi utokao katika upande ule wa mbegu ambao mwanamume anao mmoja tu. Mwili wa mgonjwa haufanyizi ile protini ihifadhiyo misuli, na kwa hiyo misuli hufa kidogo kidogo. Kwanza mtoto hushindwa kupanda ngazi, kisha huingia katika kiti cha magurudumu, kisha mikono hulegea, na mwishowe zamu huwa ya mapafu na ya moyo, ambao nao ni msuli. Muuguzi yule alikuwa amewahudumia vijana wa namna hii. Alisema kwamba jambo zito kuliko yote kwao si maumivu, bali ni kuona wenzao wakienda mbio, wakipanda baiskeli, wakichumbia, ilhali akili yao ni nzima na matamanio yao ni yale yale ya vijana wote.

Mats, alipokua, alikaa chumbani mwake na kompyuta. Katika miaka kumi ya mwisho ya maisha yake alitumia, kwa makadirio ya baba yake, baina ya saa 15,000 na saa 20,000 katika mchezo uitwao World of Warcraft, nao ni ulimwengu wa kuigiza wenye misitu, majumba, masoko na bahari, ambamo maelfu ya watu, kila mmoja akiwa katika nchi yake, huingia kwa umbo alilojichagulia na kukutana na wenzake. Umbo alilojichagulia Mats ni la muungwana mwenye mabega mapana na nywele nyekundu, na jina lake Ibelin. Wazee wake hawakumnyima mchezo huo, kwani walimpenda na waliona ndilo tulizo lililosalia, lakini waliuona kuwa ni tulizo tu. Usiku walimhimiza alale, wakastaajabu kwa nini hataki kuondoka saa zile ambazo, kama walivyokuja kujua baadaye, baraza la wenzake lilikuwa limekolea. Mats alifariki tarehe 18 Novemba 2014, na umri wake ulikuwa miaka 25. Baba yake, Robert Steen, ambaye baadaye alikuwa katika uongozi wa mji wa Oslo, amesimulia hadharani kwamba walimlilia mara mbili: walilia kumkosa, na walilia kwa dhana kwamba ameondoka duniani bila ya kuonja urafiki wala mapenzi, na bila ya kuwa na faida kwa nafsi yoyote iliyo nje ya nyumba yao.

Sasa zingatia, ewe msomaji, hali ya mzee aliyefiwa ambaye hajui ni nani wa kupelekewa tanzia. Kwetu jambo hili halifikiriki. Maiti hajakoshwa habari imekwisha kuvuka mitaa mitatu. Mwadhini ametangaza, wanawake wamekwisha kukusanyika uani, vijana wamekwenda kuchimba, na mtu wa Wete hupanda gari usiku ili awahi jeneza asubuhi. Robert Steen alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, nalo ni neno la siri la mahali katika intaneti ambapo mwanawe, mwaka mmoja kabla ya kufa, alianza kuandika habari za maisha yake. Akaandika hapo kwamba Mats amefariki, akatia anwani yake kwa yeyote atakayependa kuuliza. Hakutaraji kitu. Lakini barua pepe zikaanza kuingia, moja, kisha nyingine, kisha nyingi, kutoka nchi mbalimbali, na kila mwandishi akimtaja Ibelin kwa machozi, huyu akisema alimshauri alipotaka kukata tamaa, yule akisema alikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza. Ndivyo wazee wale walivyoanza kumtafuta mtoto wao, baada ya kufa kwake, ndani ya ulimwengu ambao mlango wake ulikuwa hatua chache kutoka kitandani kwao.

Nilitaka kuuona ulimwengu huo kwa macho yangu. Mwanangu alinipeleka katika mtaa wa Grønland, ambako Wasomali, Wapakistani na Waarabu wana maduka yao, na harufu ya iliki na ya nyama ya kuchoma humkaribisha mpitaji kama ilivyo Darajani, na karibu na hapo pana nyumba ambamo vijana hukodi kompyuta za kuchezea. Aliyekuwa zamu ni kijana ambaye wazee wake walihamia huko kutoka Kivu. Aliposikia tunazungumza Kiswahili uso wake ulifunguka, akavuta kiti. "Papa, ukae hapa," akasema, "nitakuonyesha polepole."

Akaniwekea mkono juu ya vitufe, nami nikamwendesha mtu mdogo mwenye kofia katika njia ya mawe ipitayo kati ya miti mikubwa. Nakiri palikuwa pazuri. Mwangaza ulipenya majani, palikuwa na daraja, na sungura alivuka njia. Watu wengine walitupita, mmoja juu ya farasi, mmoja akasimama akatuinamia kwa heshima, na yule kijana akabonyeza tukamwinamia na sisi. Hii ilikuwa salamu ya kwanza niliyopewa na mpitaji tangu nitue Norway, na nilifurahi nayo furaha ya kweli. Mara kila kitu kikasimama. Aliyekuwa akikimbia aliendelea kupiga hatua pale pale bila ya kusogea, na farasi mmoja akazama ardhini hata tumboni, mpandaji wake angali ameketi wima. Kijana alinieleza kwamba hayo hutokea mashine zinapolemewa, na kwamba humo, kama hapa kwetu, mambo huharibika, na kuharibika kwake ndiko kunakodhihirisha tabia za watu.

Akanipa kisa cha mwezi wa Septemba 2005. Watunzi wa mchezo waliweka katika hekalu moja la mbali zimwi liitwalo Hakkar, ambalo hutia damu ya wapiganaji uchafu wa kuambukiza, na nia yao ilikuwa uchafu huo ubaki ndani ya hekalu. Lakini palikuwa na ufa katika hesabu zao. Wanyama wafuasi wa wachezaji waliambukizwa, wakafungwa wangali na maradhi, na wakafunguliwa tena mijini, nayo tauni ikatoka. Wachuuzi na walinzi, ambao ni maumbo yasiyoendeshwa na mtu, wakaibeba bila ya kufa; wachezaji dhaifu wakaanguka katika muda wa sekunde chache; viwanja vya miji vikajaa mifupa. Kampuni ikajaribu kuweka karantini, watu wasiitii, hata mwishowe ikalazimika kuzirejesha mashine katika hali ya kabla ya balaa. Jambo lililowavutia mabingwa wa elimu ya maradhi, walioandika juu ya kisa hicho katika majarida ya tiba mwaka 2007, ni namna watu walivyotenda: waliokuwa na uwezo wa kuponya walikimbilia penye wagonjwa na wengi wao wakaangamia huko, wengine wakakimbilia nyikani, na wengine, kwa inda, wakajitia maradhi makusudi ili wayapeleke mahali penye watu wengi. Sikuweza kulisikia hilo bila ya kuwakumbuka wazee wetu walivyotuhadithia nyakati za ndui. Umbo ni la bandia na mwitu umechorwa, lakini aliyemkimbilia mgonjwa alichagua kumkimbilia, na uchaguzi haukuchorwa na mtu.

Kwa hiyo siafikiani na wale wasemao kwamba kijana akaaye humo hayupo popote. Yupo mahali, na ana majirani. Mazungumzo ya Mats na wenzake wa chama chao, chama kiitwacho Starlight, yalikuwa yamehifadhiwa, nayo yalipokusanywa kwa ajili ya filamu yalikuwa yapata kurasa 42,000. Na katika kurasa hizo hatuoni mtu mkamilifu. Tunamwona kijana aliyempenda binti wa Uholanzi aliyekutana naye humo pale binti alipompokonya kofia kwa mzaha, na ambaye, huyo binti alipokatazwa mchezo na wazee wake akazama katika huzuni, aliwaandikia wazee hao barua kuwaombea wamfahamu binti yao. Tunamwona vilevile akikasirika, akiwatesa wenzake kwa maneno, akificha maradhi yake kwa miaka mingi, kwa kuwa hakutaka kuonewa imani. Humo aliandika tu, hakutoa sauti wala sura, na hakuna aliyejua kwamba mkono uandikao unaweza kujongea kwa upana wa vidole vichache. Ibelin alikimbia. Kila siku, kabla ya shughuli nyingine, alikimbia mwendo mrefu katika nchi ile, mtu ambaye katika nchi hii hakuweza kusimama.

Lakini katika filamu nzima jambo lililonishika na ambalo bado limenishika ni habari ya mama mmoja wa Denmark. Alikuwa na mwana mwenye usonji, aliyejifungia chumbani na ambaye hakuweza kustahimili kuguswa, hata na mamake. Mama huyo hakuwa amemkumbatia mwanawe kwa miaka. Wote wawili walikuwa katika mchezo ule ule. Mama akamweleza Ibelin dhiki yake, na Ibelin, kijana ambaye mwenyewe alikuwa amefungika chumbani, akamshauri amtafute mwanawe humo humo, kwa umbo alilochagua mtoto na kwa lugha ya mtoto. Basi mama akaingia msituni kumtafuta mwanawe, ilhali mwili wa mwanawe ulikuwa chumba cha pili. Akamkuta. Wakakumbatiana kwa maumbo yao, na siku zilipopita, mtoto akaweza kumwacha mama yake amkumbatie kwa mikono ya nyama na damu. Mkwe wangu, aliyekuwa akimenya chungwa, aliliweka chini, na mjukuu wangu alimtazama mama yake kwa pembe ya jicho.

Ikafika Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku ambayo Wanorway huwakumbuka wafu wao, nami nikaomba kupelekwa Vestre gravlund, makaburi yaliyo makubwa kuliko yote katika Norway. Njia ya kwenda huko hupakana na bustani ya masanamu ya Gustav Vigeland, yenye masanamu zaidi ya 200, ambayo karibu yote yana maudhui moja, nayo ni binadamu tangu kuzaliwa hata uzee: baba amemrusha mtoto juu, mama amewabeba watoto mgongoni, wazee wameegemeana, na katikati umesimama mnara wa jiwe moja la itale uliochongwa miili 121 inayopandana kuelekea mbinguni. Wapo watazamaji walioyaona masanamu hayo kuwa machafu kwa kuwa yako uchi. Mimi niliona Vigeland ni mtu aliyefikiri sana juu ya wazazi na watoto. Kwenye daraja pana mtoto wa shaba aliyekasirika, amekunja ngumi, anapiga mguu chini, na mkono wake mmoja umeng'aa kama dhahabu kwa kushikwa na wapitaji. Nami niliushika.

Makaburini watu walikuwa wengi, familia nzima nzima, wamechukua mishumaa iliyomo katika vikopo ili upepo usiizime, na kila aliyepiga magoti kuuwasha alifanya kwa taratibu, akafuta majani juu ya jiwe kwa kiganja, akasimama kidogo, akaondoka. Kanisa dogo la pale ndilo alimoagwa Mats. Mwanangu na mimi tulisimama nje yake. Siku ile ya mwaka 2014 walikuwamo jamaa wa nyumba yake, na pamoja nao walikuwamo watu ambao jamaa hao hawakupata kuwaona, waliotoka Uingereza, Uholanzi, Denmark na Finland, na wanachama wa Starlight walikuwa wamechangishana fedha ili asiye na nauli asikose kuzika. Mkuu wa chama chao alisema maneno mbele ya jeneza, na saa hiyo hiyo wenzake wasioweza kusafiri waliwasha mishumaa katika nchi zao. Niliposikia habari ya mchango wa nauli, mashaka yoyote niliyokuwa nayo juu ya udugu wa watu hao yaliniondoka. Sisi tunajua mchango wa mazishi ni nini. Tunajua kwamba mtu anaweza kucheka nawe miaka kumi barazani na siku ya msiba asionekane, na kwamba aliyekuja kwa gari la usiku, akatia mkono katika jeneza, huyo ndiye ndugu, hata kama jina la ukoo wake hulijui.

Nilitafakari pia tofauti moja ya desturi, ambayo mwanzoni haikunipendeza. Norway maiti hungoja juma moja au zaidi kabla ya kuzikwa, ilhali sisi humsitiri mtu wetu siku ile ile, na tunaona kumchelewesha ni kumvunjia heshima. Sibadili rai yangu juu ya wajibu wetu. Lakini lau Mats angalikuwa mtoto wa Pemba, angalizikwa kabla ya baba yake kupata barua ya kwanza, na wale wageni wangalifika na kukuta udongo umekwisha kukauka. Watoto wetu nao sasa wana marafiki wasiopita mbele ya baraza. Nimewaona Chake Chake, Mombasa na Dar es Salaam, usiku wa manane, simu mikononi, wakizungumza na mtu aliye Muscat na mwingine aliye Ulaya, nasi tukipita nyuma yao tunasema "zima hilo ukalale," na haitupiti akilini kuuliza upande wa pili ni nani. Mwadhini hawezi kuwatangazia hao. Hawamo katika mtaa wowote anaoujua.

Wenzake Mats hukusanyika kila mwaka humo mchezoni kumkumbuka. Kampuni yenyewe, baada ya filamu kutoka, ilitengeneza mnyama mdogo wa kuandamana na mchezaji, mbweha, na fedha za kumnunua zikapelekwa kusaidia utafiti wa maradhi ya Duchenne. Muuguzi wetu, nilipokwenda kumuaga, aliniambia kwamba wapo wazazi wengi Norway walioanza kugonga milango ya vyumba vya watoto wao baada ya kuisikia habari hii. Hakudai kwamba wote walifunguliwa.

Jioni ya mwisho mkwe wangu alipika pilau, kwa heshima yangu, na ya kwetu hasa, yenye bizari nzima na viazi. Kabla ya kuandaliwa, mwanangu aliingia chumbani kwa mtoto wake na kuketi kando yake, nami nikasimama mlangoni. Mtoto alikuwa akijenga mji na wenzake katika mchezo mwingine, si ule wa Mats, na mwanzoni alijibu kwa neno moja moja, kwa kuwa alidhani ameitwa kula. Baba yake akamwomba amtajie anaocheza nao. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuwataja: mmoja ni mwanafunzi mwenzake, mmoja yuko Tromsø, wawili ni ndugu na wako Poland, na mmoja anaishi mahali penye joto, kwa sababu dirisha lake huwa wazi daima na husikika jogoo. Mwanangu akachukua daftari lake, lile ambamo mna simu za jamaa zetu wa Pemba, Unguja na Muscat, analolifungua kukiwa na harusi au msiba, akageuza ukurasa wa nyuma.

"Huyu wa jogoo anaitwa nani?"

"Jina lake hasa silijui, Baba. Tunamwita Chuma."

"Anapatikanaje?"

Mtoto akamwonyesha penye kioo, akamsomea herufi moja moja, naye akaandika. Mkwe wangu akaita kutoka jikoni kwamba pilau inapoa. Akaita tena.

"Subiri, Mama," akasema mtoto, "bado wengine wawili."